Jibu la Pamela Barazani

Pamela Nasimiyu aliulizwa swali moja tu, tena kwa adabu. Ilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko huko Qatar, baada ya ibada, amekaa nje ya kanisa kule Mesaimeer, chapati mkononi, akiwasimulia rafiki zake kina Emily jinsi alivyomwezekea mama yake mabati mapya huko Bungoma. Simu ikalia. Alikuwa Maurice, naibu wa chifu wa kwao.

"Dada Pamela, tuko barazani, tunapitisha majina ya pesa za serikali za wazee. La mama yako limesomwa, lakini kuna mtu amesimama kupinga. Anasema mama ana binti Qatar. Nimeona nikuulize mwenyewe, na nimeweka sauti ya juu, watu wote wanakusikia. Mama anahitaji ama hahitaji?"

Ukweli ulikuwa mfupi. Pamela hafanyi kazi hotelini kama kijiji kinavyodhani. Anamwogesha ajuza mmoja huko Al Wukair, na mshahara wake ukifika nyumbani unamezwa karibu wote na karo ya wadogo zake. Mama hubaki na makombo, na hata yale mabati ni ya deni. Lakini angeanzia wapi kuyasema hayo? Kijiji kizima kimetega masikio, na hapa Emily ameacha kutafuna ili asikie vizuri.

"Mama yangu hana shida," akasema kwa sauti. "Mimi nipo. Mpeni mwenye shida."

Makofi yakasikika simuni. Emily akamgonga bega, akamwambia hiyo ndiyo heshima. Na mtu asikudanganye, Pamela aliufurahia huo utamu wa kusifiwa hadi jioni.

Jumatano, muuguzi wa serikali alikuja Al Wukair kumfunga Bibi Nura kidonda cha mguu, kama anavyokuja kila wiki. Siku hiyo alichelewa. Ajuza alimgombeza weee, hadi muuguzi akaomba radhi mara tatu. Pamela alibaki kumshangaa bibi. Unahudumiwa bure, tena nyumbani kwako, halafu unagomba?

Alipomsindikiza muuguzi mlangoni akashindwa kujizuia. Akamuuliza kwa Kiarabu chake cha jikoni, "Lakini mwanawe si ana pesa? Mbona serikali ndiyo inamtibu?"

Muuguzi, Mmisri mwenye haraka zake, alimtazama kana kwamba hakuelewa swali. "Mwanawe anaingiaje hapa? Huyu mama ni mzee. Ni haki yake."

Pamela alifunga mlango, akasimama sebuleni na taulo begani. Aibu ilimpanda polepole. Sawa, baraza nalo lilikosea kuuliza habari za binti. Lakini yeye je? Mama yake alikuwa amefikiwa na kitu chake mwenyewe, cha uzee wake, naye akajitia katikati akakipokonya ili apigiwe makofi.

Akampigia Maurice. "Chifu, nilikosea. Tafadhali mrudishe mama kwenye orodha."

"Orodha ilishapelekwa, dada. Nafasi yake alipewa mwingine." Maurice akaongeza, "Nasi tulidhani mmekubaliana. Kwani hukujua mama alikuwepo barazani? Alikaa kiti cha mbele, na kitambulisho ameshika mkononi."

Hakujua. Ilimchukua siku mbili kupata uso wa kumpigia mama.

"Mama, mbona hukusema kitu?"

"Ningesema nini, mwanangu? Nikukanushe mbele za watu? Walipopiga makofi, nami nikapiga."

"Nisamehe, Mama. Nitakuwa nakutumia zaidi."

"Zako ni nzuri, Mungu akubariki. Ila zako huwa naziomba. Nikiomba nasikia unavyoshusha pumzi huko, najua nimekulemea. Hizo za wazee zingekuja tu, hata siku umenikasirikia."

Pamela alijifunika uso kwa kiganja. Alishukuru kwamba mama hamwoni.

"Basi, kwa vile leo umepiga mwenyewe," mama akasema kwa woga, kama mtu anayebisha hodi kwa wageni, "dawa zangu za presha ziliisha wiki mbili zilizopita. Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kukuambia."