Rubani Aliyemtia Mamake Ndegeni

Lubna Bakr alikuwa na leseni ya urubani kwa miaka mitatu kabla hajapewa ndege ya kurusha. Miaka hiyo aliimaliza katika kiwanja cha Manda, akipima mizigo ya abiria na kuwapa kadi za kupandia. Wachukuzi walimwita Kapteni. Yasir, mkubwa wao, hakuuchoka mzaha wake.

"Kapteni, begi hili kilo ngapi?"

"Kumi na sita."

"Basi lirushe."

Lubna alicheka kila siku. Kutocheka kungekuwa kuwaonyesha kidonda.

Kurusha hakukumshinda. Kilichomzuia, nafasi zilipotangazwa, ni mtihani wa Kiingereza. Rubani hupimwa matamshi, muundo wa sentensi, msamiati, mtiririko wa maneno, ufahamu na jinsi anavyojibizana na mwenzake. Kila kipengele kina alama kuanzia moja hadi sita, na ile ya chini kabisa ndiyo inayoandikwa kuwa alama ya mtu. Nne inatosha kwa leseni. Kampuni iliyokuwa ikiajiri marubani wasaidizi, ile ile ambayo Lubna aliipimia mizigo, ilitaka tano. Yeye alipata tano katika vipengele vinne. Katika mtiririko na majibizano alipata nne.

Kiingereza chake ni kizuri. Watalii wanaotua Manda kwenda Shela humuuliza alisoma nchi gani, naye huwajibu kuwa alisoma Lamu, ng'ambo ya pili ya mkondo. Kilichomwangusha ni sehemu ya mwisho ya mtihani. Mtahini huweka mezani picha ya ajali na kusema: hii ni ndege yako, nieleze yaliyokupata.

Amu, kama wenyeji wanavyouita mji wa Lamu, mtu hajisemei hivyo. Anayetaja maafa huyasukuma mbali naye: yalimfika fulani, katika nti nyingine, Mungu atuepushie. Mtoto akianza sentensi kwa "nikifa", hupigwa kofi la mdomo kabla hajaimaliza. Huko ni kujitilia uchuro. Lubna amesomea injini na anajua kuwa haisikii maneno. Kinywa chake hakikuwa kimesoma hayo.

Mtahini alikuwa Bi Kemunto, mwalimu wa miaka mingi katika kituo kimoja cha Nairobi. Picha ilionyesha ndege imelalia tumbo kando ya barabara ya kurukia, bawa moja limevunjika.

"Ndege yako. Ilikuwaje?"

Lubna alisoma dua moyoni, kisha akaeleza yaliyompata rubani mmoja.

"Si rubani mmoja. Wewe."

Akaeleza ukaguzi ambao ungeizuia ajali ile.

"Sikuuliza hilo. Umo ndani, moshi unaingia. Unafanya nini?"

"Moshi hauwezi kuingia, kwa sababu kabla ya kuruka nilikuwa nimekagua..."

Kemunto aliandika: anakwepa swali. Kwa haki, aliandika alichokiona. Rubani asiyeweza kutamka kwamba yuko hatarini ni hatari kwa wote walio nyuma yake, na mnara wa kuongozea ndege hauwezi kumsaidia mtu asiyesema.

Kampuni iliruhusu mtihani urudiwe mara moja, kabla ya orodha kufungwa mwishoni mwa Machi. Ilikuwa imepitisha miaka mitatu bila kuajiri, na Lubna hangeweza kungoja mingine: ujuzi wa rubani asiyeruka huchakaa. Lubna alimpigia simu Hesbon, aliyesoma naye chuo cha urubani, ambaye tayari alikuwa na kazi.

"Pale huulizwi unaamini nini," Hesbon alimwambia. "Unaulizwa umeungua vipi."

"Sijaungua."

"Ndiyo shida yako hiyo. Sisi wengine tuliungua siku ya kwanza. Mimi nilizama ziwani na mbuzi wa watu. Nikapewa sita."

Lubna akaanza kufanya mazoezi nyumbani, mtaa wa Langoni, ghorofani penye jiko. Mamake, Bi Ummu, mzaliwa wa Pate, alikuwa amekaa na sinia la mtele akichagua mawe. Hakujua Kiingereza, lakini aliujua uso wa mwanawe.

"Wasoma nini na uso wa msibani?"

Lubna akamweleza. Bi Ummu aliendelea kuchagua mtele kwa muda.

"Na lazima awe wewe?"

"Lazima niwemo, mama. Ndiyo kazi yenyewe."

"Hapana. Hutajiitia kifo kwa kinywa chako, nami ni hai."

"Basi nitabaki kupima mabegi."

Bi Ummu aliweka sinia chini. Alikuwa na mabinti wawili, Lubna na dada yake Nana, na mumewe alikufa Lubna akiwa darasa la tano. Ni yeye aliyeridhia shamba la Kililana liuzwe ili mtoto akasomee kurusha ndege, wakati jamaa wote walikuwa wakimwambia amwoze.

"Nitie mimi," akasema. "Waambie mamako yumo ndani. Mimi nimeshaishi. Ukimaliza rudi utoe sadaka, wewe mwenyewe, kwa mkono wako, ili baa liondoke. Usimtume mtu."

"Mama, siwezi."

"Utaweza. Ila usinikalishe nyuma, nitatapika." Hakuwa amepanda ndege hata siku moja.

Safari ya pili Kemunto aliweka mezani kadi yenye maandishi tu: injini ya kulia inawaka moto, abiria kumi na wawili. Lubna hakukwepa. Alianza na mwanamke wa safu ya tatu, dirishani, aliyevaa buibui, mkononi ana tasbihi, anayemuuliza jirani yake kengele ile ni ya nini. Akaeleza alivyofunga mafuta, alivyouita mnara, alivyogeuka kurudi, na jinsi bahari ilivyopanda ikawafuata. Akaeleza alivyowahesabu watu majini.

"Wangapi?" Kemunto aliuliza.

"Kumi na mmoja."

"Na wa kumi na mbili?"

"Mamangu."

Mtahini alimmiminia maji kwenye bilauri, akamsogezea. Kisha akaandika tano kwa vipengele vitano, na sita kwa majibizano.

Jioni Lubna alipiga simu nyumbani.

"Ulinikalisha wapi?" Bi Ummu aliuliza.

"Safu ya tatu, dirishani."

"Vyema. Yeo nitalala. Waya lini nyumbani?"

"Ijumaa, inshallah."

Siku ya Alhamisi kampuni ilimwita. Nafasi zilikuwa nne na mafunzo yalianza Jumatatu hapo hapo Nairobi, katika mashine ya kuigiza safari. Lubna angeweza kwenda Amu na kurudi wikendi ile ile, lakini akaogopa ndege kuahirishwa, akaogopa kuonekana mtu wa udhuru katika wiki ya kwanza. Alimwambia mamake atakuja baada ya mafunzo. Bi Ummu akasema hakuna neno. Nana alijitolea kuigawa sadaka kwa niaba yake, mama akakataa. "Nimemwambia awe yeye."

Wiki ya tano, asubuhi, Bi Ummu alianguka ghorofani na hakuamka. Daktari aliandika shinikizo la damu, ambalo alikuwa nalo kwa miaka tisa na dawa zake alizinywa alipokumbuka. Alizikwa baada ya alasiri. Lubna alikuwa ndani ya mashine, simu imezimwa kama kanuni inavyotaka. Alifika Manda kesho yake, na Yasir aliuchukua mkoba wake bila neno la mzaha.

Nyumba ilikuwa imejaa wanawake wa hitima. Nana alimngoja mpaka walipobaki wawili ngazini.

"Ile sadaka uliitoa?"

"Nalikuwa nakuya."

"Mimi ningeitoa. Hakutaka. Alikaa akikungoja wewe."

"Nana, mama alikuwa na presha."

"Naijua presha yake. Mimi ndiye niliyemnunulia dawa." Nana akafunga mtandio. "Mimi simsemi Mungu. Nakusema wewe. Alikupa ndia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Ukaipita moja tu."

Hawajazungumza tangu siku hiyo, na sasa ni mwaka wa pili. Lubna hutuma mtele na sukari kila Ramadhani, na Nana huvipeleka madrasa bila kufungua magunia.

Lubna hutua Manda mara tatu kwa wiki. Ndege husimama dakika ishirini na tano, na kwa mashua ya injini Amu ni mwendo wa dakika kumi. Yeye hashuki. Kabla ya kila kuruka, kanuni ya kampuni humtaka aseme kwa sauti, mbele ya rubani mkuu, atafanya nini injini ikifa au ikiwaka moto. Husema yote kwa Kiingereza, bila kusita, akijitaja mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Marubani wakuu humsifu. Kisha huweka mkono kwenye vishikio vya injini, na mtu wa safu ya tatu akiuliza kengele ile ni ya nini, yeye huko mbele hasikii.