Nanga Kwanza

Pale Mazingara, mahali ambapo hata bata hulalamikia ukame, Kibwana Mhina anaitwa Mzee Manowari. Watu hawana haya! Jina lilianza kama utani siku aliyorudi kutoka jeshini na sanduku la bati na magoti mabovu, likamganda. Hakulikataa. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hagombani na majina.

Miaka ishirini na tatu alikuwa mwanamaji, yote kwenye meli moja. Si manowari hasa, ukitaka ukweli. Ilikuwa meli ya kupeleka askari na magari yao ufukweni. Mwulize, lakini uwe na subira, maana masikio yake yaliliwa na injini. Atakueleza kwamba meli za namna ile zilishamiri kwenye Vita Kuu ya Pili, wakubwa walipotaka kushusha majeshi na bandari zote anazo adui. Wakaunda meli isiyohitaji bandari. Tumbo bapa kama sinia, ipande mchangani yenyewe. Mbele ina mdomo. Ukifunguka, daraja linashuka na malori yanatoka. Ina matangi pia: ukiyajaza maji ya bahari meli inazama kidogo, ukiyamwaga inainuka. Na lile tumbo bapa, jamani, ndilo adhabu yenyewe. Baharini linayumba hadi mtu anatapika nyongo.

Kazi ya Kibwana ilikuwa nanga ya nyuma. Kabla meli haijagusa mchanga, inaiangusha huko nyuma, na kamba ya chuma inaachiwa polepole, ili baadaye meli ijivute itoke. Mwaka mmoja ofisa mwenye haraka zake alisema nanga isubiri. Meli ikapanda mchangani, maji yakapwa, ikakaa pale kutwa nzima kama kuku anayeatamia, na aliyeadhibiwa ni Kibwana. Akaapa: nanga kwanza, mengine baadaye.

Masika iliyopita mkwe wake, Zuena, alishikwa na uchungu. Mumewe, Isihaka, alikuwa Mtwara kwenye kazi za ujenzi. Nesi wa zahanati akampapasa tumbo, akasema mtoto amelala vibaya, apelekwe Korogwe upesi akapasuliwe. Akaitwa Dennis, mwenye pikapu. Zamda, mke wa Kibwana, akatandika godoro nyuma, wakampakia mgonjwa, mzee naye akapanda.

Kwenye korongo la njia ya Mkata wakakuta maji. Hayakuwa mengi, ya magotini tu, ila yana kasi. Dennis akatia gia.

"Simama!" Kibwana akateremka. "Kamba kwanza!"

"Mzee, hapa si baharini," Dennis akasema. "Mgonjwa anaumia."

"Baba Isihaka, twende!" Zamda akalia. "Twende, nakuomba!"

Hakuwasikia, au hakutaka kusikia. Hilo hata mwenyewe hajui mpaka leo. Akavuta kamba ya katani iliyokuwa kwenye pikapu, akaikunja mara mbili ipate nguvu, akaifunga nyuma ya gari, akaizungusha kwenye shina la mkwaju. Vidole vikakosea fundo. Akalifungua, akaanza upya. Dennis akapiga honi. Zuena aliuma pindo la khanga. Kamba ilipokuwa tayari, maji yalikuwa yamefika mapajani.

Gari likaingia, yeye akabaki ukingoni akiiachia kamba polepole. Katikati ya korongo maji yakalisukuma ubavuni, matairi ya nyuma yakaacha ardhi, Zamda akapiga yowe. Kibwana akaikaza kamba kwenye mkwaju. Ikamchuna viganja, ikashika. Matairi yakapata mawe, Dennis akakanyaga mafuta, gari likapanda ng'ambo. Dennis akateremka, akaikata kamba kwa panga, wakaenda zao.

Mzee akabaki peke yake. Akakaa kwenye tope akalia, na nikwambie, ilikuwa furaha. Tangu astaafu hakuwahi kujiona mtu wa maana namna ile.

Kesho yake maji yakapungua, akavuka, akatembea na kudandia pikipiki mpaka Mkata. Habari zilikuwa zimemtangulia. Dennis hana kifua. "Mzee Manowari!" wauza mahindi wakamwita. "Bila wewe tungezika watu watatu!" Wakampa kiti, wakampa chai. Akapanda basi la Korogwe magoti yakimuuma, na hakujali.

Zamda alikuwa nje ya wodi. Hakumsalimu.

"Zuena mzima," akasema, kwa sauti ya juu ili amsikie. "Mtoto hatukumuwahi. Daktari kasema tungefika mapema kidogo, hata nusu saa..."

Akaingia ndani. Zuena alijaribu kuinuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Lala, lala. Pole sana."

Zuena akaviona viganja vyake vilivyochunika, akavitazama kwa muda mrefu.

"Asante kwa kutuvusha," akasema. "Baba, kuifunga ile kamba kulichukua muda gani?"

Angeweza kusema dakika tano. Nani angempinga? Dennis hakuwa na saa, na Zamda asingefungua mdomo mbele ya mzazi aliyefiwa. Kibwana akashika chuma cha kitanda, akajishusha taratibu mpaka akakaa sakafuni. Alikuwa amechoka kuliko siku zote za maisha yake.

"Nusu saa, mwanangu," akasema. "Nilichukua nusu saa."