Abee ya Tano

Hiki si kisa cha kuwalazia watoto. Mkono ulioliandika jina lile ni huu huu wangu. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi nilicheka mwanzo.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, nikapangiwa shule ya udongo na makuti huko Mtongwe, upande wa Likoni. Mwalimu mpya wa siku zile, niamini, alikuwa kiumbe wa hofu. Huogopa chaki kumwishia, huogopa watoto kumcheka, na zaidi ya yote humwogopa mkaguzi. Mkaguzi ndiye angeamua kama nitathibitishwa kazini au nitarudishwa kwa baba yangu Kisauni, ambaye alikwisha kuutangazia msikiti mzima kuwa mwanawe ni mwalimu.

Rejista ya darasa la tatu niliikuta imelowa, maana paa lilivuja masika yale. Mwalimu mkuu akaniambia, "Inakili upya, kijana. Mkaguzi hapendi madoa." Nikakaa alasiri nzima nikiyahamisha majina, moja moja, kwa mwandiko wa chuoni. La mwisho lilikuwa Mwanasha Hamisi. Lilipitiwa na wekundu hafifu, kama maji ya kutu. Nikadhani ni doa, nikaliandika vizuri, herufi zimenyooka.

Asubuhi yake nikaita. Wavulana, "Naam!" Wasichana, "Abee!" Nilipofika kwa Mwanasha ikaja abee nyembamba, ya chini, kutoka benchi la nyuma karibu na dirisha. Nikatia alama bila kuinua kichwa. Hilo ndilo kosa letu walimu wapya: tunatazama karatasi, hatutazami nyuso.

Nikaita hivyo siku nane. Watoto wakawa wanajibana mbele, watano kwenye benchi la watatu, na benchi la dirishani likabaki tupu. Sikuuliza. Nao, kwa adabu waliyolelewa nayo, walijua mtoto hamkosoi mwalimu.

Siku ya tisa mwalimu mkuu akaipitia rejista. "Mbona imevimba, kijana? Watoto ni arobaini na mmoja, hapa wako arobaini na wawili. Huyu mmoja umemzaa wewe?" Akacheka, kidole kikishuka mpaka jina la mwisho. Kicheko kikamkatika. "Huyu tulimzika kabla ya Ramadhani. Homa. Nani aliyekuitikia?"

Nani? Nikarudi darasani nikawahesabu wasichana: wanne. Na kila asubuhi nilikuwa nikisikia abee tano.

"Mpigie mstari mwekundu uyamalize," akaniambia mwalimu mkuu. Lakini moyo ulikataa. Watoto walipotawanyika nikaenda kwa bibi wa yule marehemu, nyuma ya shule, nikamkuta akisuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiwe unayemwita mjukuu wangu."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Siku aliyougua alitoka darasani bila ruhusa," akasema. "Mpaka roho inamtoka alikuwa akiuliza, mwalimu atanichapa? Sasa umemwita, amekuja, na hawezi kuondoka hivi hivi. Kesho mwite mbele ya wenzake. Akiitika, mwambie: nimekupa ruhusa, nenda nyumbani. Maneno hayo tu, mwanangu. Usimwache benchini."

"Nitamwambia, Bibi, inshallah."

Wallahi nilikusudia. Njia nzima nilikuwa nikiyarudia yale maneno manne. Lakini asubuhi nikalikuta gari la mkaguzi uwanjani, na mkaguzi mwenyewe, Mzungu mrefu, yumo darasani. Amekaa wapi? Kwenye benchi la dirishani, kofia magotini, na kando yake pana nafasi ya mtoto mmoja.

Nikaita arobaini na mmoja. Kalamu ikafika kwa Mwanasha. Juu, makuti yakakwaruzana. Nikamfikiria baba yangu msikitini. Mwalimu anayewapa wafu ruhusa, nani atamthibitisha? Nikachovya kalamu katika wino mwekundu, nikapiga mstari, nikafunga rejista.

Mkaguzi akahesabu vichwa, akahesabu alama. "Rejista safi sana, Mwalimu."

Ndipo kando yake ikatoka sauti ya mtoto anayezuia kilio:

"Mwalimu, mbona mimi hukuniita?"

Vichwa arobaini na kimoja viligeuka nyuma. Mkaguzi akadhani wanamtazama yeye, akatabasamu.

Nilithibitishwa. Kesho yake nikamwita kama bibi alivyoniagiza. Kimya. Nikamwita tena, na tena, mpaka watoto wakaanza kulia. Tangu hapo nimefundisha Changamwe, sasa niko Port Reitz, bendera imebadilika, nimeoa. Na kila asubuhi nikifunga rejista, sauti ile huniuliza swali lile lile. Nikimwita haitiki, nisipomwita, huuliza. Nina binti wa miaka mitano. Akiwa chumba kingine simwiti kwa jina, humwendea nikamshika mkono. Naogopa nitaita mara moja, abee zije mbili.

Basi wewe unayekwenda kuanza kazi, chaki mpya mfukoni, nisikilize. Usiite jina ambalo hujauona uso wake. Na ukishamwita mtoto, awaye yote, akikungoja umpe ruhusa, mpe pale pale, hata kama mkaguzi amekukodolea macho. Mkaguzi hukaa saa moja akenda zake.