Mabega ya Mayunga

Siku ya kwanza kazini niliingia studio na mtoto mgongoni, na Fundi Mkuu alimwangalia mtoto kwanza, mimi baadaye. "Huyo atalia ndani ya chumba cha giza," akasema. Nikamwambia halii. Alilia siku hiyohiyo. Ndivyo nilivyoanza kazi ya kusafisha picha hapa Mpanda, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, na cheti changu cha kidato cha nne ambacho hakuna aliyekiuliza.

Wadogo zangu mnaojifunza kusafisha picha kwenye kompyuta, msicheke nikijiita mstaafu na bado nanyonyesha. Nyie mnabonyeza. Sisi tulikuwa na penseli iliyochongwa ikawa kama sindano, ya kujazia mikwaruzo kwenye negativu ya filamu, na brashi nyembamba ya kufunika madoa kwenye picha yenyewe. Ukizidisha, mtu anatoka na sura ya sahani. Fundi Mkuu alikuwa ananipiga kiwiko: "Dada, inuka, rudi nyuma, mwangalie mtu mzima. Umeikazania pua tu." Na kila asubuhi: "Kopi kwanza. Ya mteja usiiguse." Kukopi ni kuipiga picha ile picha ya zamani, kisha unahangaika na kopi. Ukiharibu, ya asili ipo.

Fundi Mkuu akahamia Ikola kwenye biashara ya dagaa. Akaja Meneja, shemeji wa mwenye studio. Kwake kukopi kulikuwa kupoteza filamu.

Ndipo akaja mama mmoja wa kijiji cha Mwamkulu, wa hawa waliokuja na ng'ombe kutoka Usukumani. Alifungua kitambaa, ndani kuna picha moja ndogo iliyokunjwakunjwa mpaka ina nyufa. Mwanawe, Mayunga, marehemu. Hakuwa na nyingine.

"Nataka awe mkubwa kidogo, nimtundike."

"Tutamvika suti, mama," Meneja akasema. "Hutamjua."

Suti ilikuwa picha ya zamani ya mtu mwingine. Meneja alikata kichwa cha Mayunga kwa mkasi, kwenye ileile picha aliyoleta mama, akakigundisha juu ya suti, akafunika nyufa kwa brashi, akaipiga picha upya na kuikuza.

Mama aliporudi aliitazama, akanirudishia kwa adabu. "Mmechanganya, mwanangu. Hii ya watu wengine."

"Ni yenyewe," Meneja akacheka. "Suti ndiyo inakupoteza."

"Mayunga ana kovu. Ndama alimpiga pembe." Akaweka kidole gumba kwenye nyusi yangu mimi, akakishusha mpaka shavuni. "Hapa."

Meneja alikuwa amelifuta akidhani ni ufa. Akaninyooshea kidole. "Ni huyu binti. Mtoto anamsumbua, haoni anachofanya."

"Mkasi uliushika wewe," nikamwambia. "Mimi nilikuwa namnyonyesha huyohuyo mtoto."

Mama hakutaka kujua mkasi wa nani. "Na mabega yake mmeyaweka wapi?"

Vipande vilikuwa vimechomwa na takataka nyuma ya studio. Nilikwenda kuchokoa majivu kwa kijiti mbele yake, mtoto akinipiga mateke mgongoni. Nilitamani nimwambie ondoka mama, usinitazame. Alisimama mpaka nilipomaliza.

Picha aliiacha. Meneja, bila haya, akaibandika kwenye ubao wa mlangoni kuvutia watu. Wakaja kweli. "Hapa mtu anatoka kama mbunge," walisema, na mimi nimekaa chini yake. Wanawake wa Mwamkulu wakitokeza barabarani siku ya gulio, nilikimbilia chumba cha giza hata kama sina kazi humo.

Siku moja sikuwahi kukimbia. Mama Mayunga alipita upande wa pili wa barabara, amevuta kanga hadi shavuni, upande wa ubao. Yeye ndiye aliyejificha. Niliibandua ile picha.

"Iache, inaleta wateja," Meneja akasema.

"Ina mama yake."

Huko ndiko kustaafu kwangu; studio sikurudi tena. Nilikwenda Mwamkulu na ile picha na penseli. Mama alinipa kigoda, hakunipa maji. Nikachora kovu, yeye akielekeza. "Nene zaidi huku juu. Hapo lilipinda." Nilipofika shavuni akanishika mkono. "Basi."

Akaingia ndani, akatoka na kisu. Akakata picha chini ya kidevu, polepole, asimguse mtoto wake. Kichwa akakifunga kwenye kitambaa kile cha kwanza. Kilichobaki akanipa.

"Hii ni yenu."

Sasa mnaniambia kompyuta inarudisha ulichofuta. Vizuri. Hata hivyo hifadhini ya asili kwa jina lake, na kabla hamjafuta alama usoni kwa mtu, muulizeni mwenye mtu. Mimi suti ninayo kwenye sanduku, chini ya nguo za watoto. Haina kichwa, na sijui niipeleke kwa nani.