Poda Niliyomwibia Mke Mwenzangu

Jamani, wivu utaniua kabla ya malaria! Mume wangu alitoka mnadani na kifuko cha unga mweupe, akakipandisha darini. Nikajua tu: hiyo ni poda ya Robi, mke mwenzangu, maana kesho yake wageni wa mahari walikuwa wanakuja kuchagua ng'ombe, na Robi lazima ang'ae.

Nikakishusha, nikaupima ule unga kama mtaalamu. Kuunusa, haunuki. Kuusugua, laini. Kuutia kwenye maji, ukayeyuka wote. Nikasema, hii ndiyo poda ya bei, ya kwangu huwa haiyeyuki!

Asubuhi nikajipaka uso, shingo mpaka mikono. Ikaniwasha balaa, nikajikaza.

Wageni wakaja. Nikapiga goti pale zizini: "Shikamooni wazee." Hawajaitikia, fahali akanivaa, akaanza kunilamba shingo. Nikatoka mbio, ng'ombe wa Nyansurura nzima nyuma yangu!

Mume wangu akapiga kelele: "Mama Bhoke! Mbona umejipaka chumvi ya ng'ombe?"

Robi kashika mbavu: "Dada, si ungeonja kwanza?"