Mashine ya Gololi ya Baba

Ndugu yangu Mundhir amekuwa fundi umeme tangu hajaota ndevu, na alipostaafu nilidhani atapumzika, na sisi tupumzike naye. Wapi. Kwanza alifungua redio ya mkewe iliyokuwa nzima. Kisha akafungua feni. Mkewe, Fakhriya, alinijia jikoni akaniambia kwa upole wake ule unaotisha, "Wifi, ntafutie nduguyo kazi kabla sijantafutia miye."

Tunakaa nyumba moja Gombani, hapa Pemba, si mbali na uwanja wa mpira. Mimi ni Widad, dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu na mjane. Nampita Mundhir kwa miaka saba, na miaka hiyo saba ndiyo chanzo cha habari hii, kwa sababu mimi baba yetu namkumbuka na yeye hamkumbuki.

Baba, Mzee Thabit, alikuwa na mkahawa mjini Chake. Alikufa kwa homa mwaka mmoja kabla ya Mapinduzi, Mundhir akiwa na miaka mitano. Picha yake moja tuliyokuwa nayo ililiwa na mchwa ndani ya sanduku la mama, fremu na yote. Mundhir amekua akiambiwa na wakubwa kwamba amefanana na baba, na hana pa kuhakikisha. Jambo hilo limemuuma maisha yake yote, ingawa si mtu wa kulisema. Aliwahi kulisema mara moja tu, siku tuliyomzika mama. "Dada," aliniambia, "weye wamjua unayemwombea dua. Miye naliombea jina."

Sasa, katika mkahawa ule palikuwa na mashine ya gololi. Asiyewahi kuiona aifikirie meza ndefu yenye miguu, imeinama kidogo kwa mbele, juu imefunikwa kioo. Unavuta fimbo yenye springi, gololi ya chuma inapanda, halafu inateremka ikigonga huku na huku, kengele zinalia na namba zinaongezeka. Chini kuna vibao viwili vidogo unavyovichezesha kwa vifungo vya ubavuni, uirudishe gololi juu kabla haijatumbukia shimoni. Ikitumbukia, basi. Baba aliinunua Mombasa, ikaja kwa meli, na vijana wa Chake walikuwa wakiiacha chai ipoe kwa ajili yake.

Mkahawa ulipofungwa mama aliuza viti na vikombe, lakini mashine haikupata mnunuzi. Ikapelekwa shamba kwetu Wingwi, ikatiwa ghala la karafuu na kufunikwa magunia. Humo ikakaa miaka sitini. Aliyetukumbusha ni Khatib, anayetutunzia shamba. Alipiga simu kusema paa la ghala limeanguka, na akauliza lile sanduku lenye miguu alitie kuni au aliache. Mundhir alikodi gari ya mizigo siku ile ile, na njia ya Wingwi mnaijua ilivyo. Alirudi kiuno kikimuuma, uso unang'aa.

Ajabu ni kwamba mchwa hawakuigusa. Paa walilila, nguzo walizila, hata mpini wa jembe la Khatib hawakuuacha, lakini mashine waliipita mbali kwa kuwa kila ufa wake ulijaa vumbi la karafuu. Hata kioo chake kilikuwa kizima, kimezongwa busati. Mundhir alikitoa, akakihifadhi chini ya kitanda chake mpaka kazi iishe. Na ile habari ya karafuu kuwashinda mchwa akaiweka kichwani. Ingekuwa heri angeisahau.

Kidude kikawekwa sebuleni. Fakhriya alikizunguka kwanza.

"Baba Afra, kitu kino si cha kamari?"

"Kamari haiwi bila ya dau, Mama Afra," alijibu Mundhir, na mbele ya macho yake akachonga kipande cha mvule akaliziba tundu la kutilia sarafu. Fakhriya akasema haya, lakini ikilia wakati wa adhana ataitoa nje yeye mwenyewe.

Basi akaanza. Mashine ilitaka umeme nusu ya huu wetu, akaitafutia transfoma. Ndani mlikuwa na nyaya tele, na vijibati vya kupitishia umeme vimeshika kutu kimoja baada ya kimoja, akavisugua kwa tupa ya kucha ya mkewe hadi tupa ikawa laini kama kijiko. Raba za vile vibao zilikuwa zimekauka na kukatika, akatia oringi za pampu ya maji. Gololi aliipata gereji, ndani ya beringi ya lori. Nilimkejeli sana siku hizo, lakini nilifurahi. Sikuwahi kumwona ndugu yangu akiamka na hamu ya siku namna ile.

Kengele ilipolia mara ya kwanza nilikuwa nyuma ya nyumba napepeta mchele. Ungo uliniponyoka. Sauti ile sikuisikia tangu nina miaka kumi na mbili, nikitumwa mkahawani na mama kupeleka mandazi, na niliijua hapo hapo. Nilisimama kuku wakila mchele wangu, sikuwafukuza.

Ikabaki picha. Ubao ulio chini ya kioo, gololi inapopita, ulikuwa umechorwa, lakini sasa umefunikwa na vumbi la karafuu lililogandana jeusi kama ukoko wa sufuria. Hapakuonekana kitu. Mundhir aliuacha ubao wa mwisho makusudi, kama mtoto anavyoacha kipande cha nyama kando ya sahani. Kila akimaliza jambo husema, "Bado picha, Dada. Nataka niione ile picha."

Mimi picha ile naikumbuka. Ilikuwa na wasichana wawili wa kizungu ufukweni, wamevaa nguo nyekundu za kuogelea zisizofika popote, mpaka mama alikuwa akipita pale mkahawani ameinamisha kichwa. Nikamwambia, "Mzee mzima weye, waswali safu ya mbele, roho yakupaa kwa mapaja ya Wazungu?" Akacheka kidogo kama anayetaniwa, akarudi kwenye nyaya zake. Nilidhani ameona haya.

Sasa niseme juu yetu sisi watu wa Pemba. Jino likiuma, karafuu. Tumbo likisokota, karafuu. Mbu, ukungu kabatini, viungo vya bibi, karafuu. Mpemba atamshuku jirani yake, atamshuku hata ndugu yake, lakini karafuu hatazishuku. Mundhir akajisemea kwamba ikiwa vumbi tu limeilinda mashine miaka sitini, mafuta yenyewe yatafanya makubwa zaidi, yataulainisha ukoko na kuikinga mbao na mchwa kwa mara moja. Akanunua chupa ya mafuta safi ya karafuu, akaumiminia ubao wote, akauacha ulowe hadi asubuhi. Nyumba ikanuka kama mkeka wa kuanikia karafuu. Hakuna aliyemzuia. Fakhriya ana beseni la plastiki uani lililoliwa na mafuta hayo hayo hadi likatoboka, na yeye pia hakusema kitu. Mimi nilimsifu.

Asubuhi alipopangusa, ukoko ulitoka vizuri sana, na rangi ikatoka nayo. Mafuta yale yalikuwa yameichubua yote. Nilimkuta amekaa kitako sakafuni, mbele yake mbao tupu, mkononi kitambaa chenye madoa mekundu.

"Imekwenda, Dada," alisema. "Ile nyekundu niliiona ikitoka, nikadhani n'nafuta uchafu."

Akalia. Mzee wa miaka sitini na saba, mwenye wajukuu. Nilistuka, na mimi nikistuka huwa mkali, nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba wasichana wale hawana hasara kwa mtu yeyote. Aliinuka, akaifunika mashine kwa shuka, akatoka. Ramadhani nzima hakuifunua. Alifuturu, akaenda tarawehe, akarudi akalala. Redio ya Fakhriya ikaharibika kweli, asiiguse. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Siku ya mwisho wa mfungo, baada ya adhuhuri, alikuja Rahila, jirani yetu anayechora hina na piko nusu ya wanawake wa Gombani. Alimkalisha Fakhriya sebuleni, akaanza miguu. Ile shuka ilikuwa ikimzuia mwanga, akaomba iondolewe, nikaiondoa. Akautazama ubao.

"Bi Widad, pano palikuwa na nini?"

"Palikuwa na picha. Kaifuta kwa mafuta ya karafuu."

"Masikini. Lakini mbao ni nzuri. Mkitaka ntawachorea, rangi mafuta ninazo. Nkono wangu hautetemeki."

Mundhir alikuwa amesimama mlangoni, ametoka msikitini. Sikujua tangu lini. Akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mwanangu Rahila," alisema, "ntu nikikueleza, waweza kunchora?"

"Nieleze kwanza, Mzee Mundhir. Nyuso huwa sichori, lakini nieleze."

Akamweleza, akiitazama ile mbao tupu. "Palikuwa na mwanamme. Kavaa tarbushi nyekundu kichwani. Kampakata kitoto mbele yake. Jino lake la mbele limekatika kipembe. Baba alikuwa akiniinua juu ya kioo anionyeshe gololi, na yule mwanamme akawa yumo humo. Nikicheka miye, na yeye hucheka. Baba sikunwona, alikuwa nyuma yangu. Lakini yule namwona hadi leo. Ndiye niliyemtaka."

Mimi nilikuwa nakunja shuka. Nikaacha.

"Mundhir," nilimwambia, "kwenye ubao ule hakukuwa na mwanamme."

"Alikuwapo, Dada."

"Walikuwa wasichana wawili na bahari. Hiyo nyekundu uliyoifuta ni nguo zao. Mwanamme hakuwamo."

"Nimenwona miye."

"Umenwona. Kiooni." Sauti yangu haikuwa nzuri. "Baba ndiye aliyekuwa kivaa tarbushi nyekundu, Chake nzima wenziwe washahamia kofia. Jino alilivunja kwa kufungulia chupa ya soda, mama kamnunia siku mbili. Na kitoto ulikuwa weye."

Rahila alishika koni yake ya hina hewani. Mundhir aliniangalia, akauangalia ubao, akaniangalia tena, na nikaona anaogopa kuniamini.

"Ndevu?" nilimuuliza.

"Kidevuni tu. Chache," alisema polepole. "Na kovu. Pano, juu ya jicho, limeukata ushi."

Kovu lile mimi nilikuwa nimelisahau. Alilipata kwa kuangukia jiwe akiwa mdogo, na sisi tulikuwa tukiligusa akilala. Miaka sitini nimejiona mwenye baba katika nyumba hii, nikimhurumia ndugu yangu asiyekuwa naye, na yeye alikuwa naye mzima, amemweka ndani ya picha ya mashine bila kumjua. Nililia kuliko alivyolia yeye. Fakhriya naye alitaka kuinuka aje kwa mumewe, lakini miguu imejaa hina mbichi, akabaki palepale akimwita tu, "Baba Afra. Baba Afra."

Rahila alirudi jioni ile ile na makopo yake, na mwezi ulipoandama alikuwa bado anachora. Uso hakuchora, wala Mundhir hakumwomba tena. Alichora maua na vikonyo na majani yanayopanda kutoka shimo la chini hadi kengele za juu, kama mkono wa bibi harusi. Wasichana wa kizungu hawajawahi kupata heshima hiyo.

Rangi iliachwa ikauke siku zote za sikukuu. Nilimkuta Mundhir kila saa anaichungulia, nikamwambia mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na kwa hali yake hata Idi yenyewe imempita. Alicheka kweli mara hii, na ile redio ya mkewe akaitengeneza huku akingoja.

Siku alipotoa kioo chini ya kitanda, alikisafisha kwa maji matupu. Mafuta ya aina yoyote Fakhriya alikuwa ameyafungia kabatini. Akakitelezesha mahali pake, akawasha. Balbu ndogo zikawaka kati ya maua ya Rahila, namba zikarudi sifuri kwa mlio wao ule. Akafungua kabati, akatoa kofia yake nzuri ya sikukuu, akaivaa. Fakhriya akanitazama mimi, nami nikamwonyesha anyamaze.

Mundhir alivuta fimbo, akaiachia. Gololi ikapanda, ikagonga kengele ya kwanza, ikagonga ya pili, ikaanza kuteremka. Mikono yake ilikuwa kwenye vifungo, lakini hakuvibonyeza. Alikuwa ameinama juu ya kioo, anacheka taratibu, amemkazia macho yule mzee wa kofia aliyemo humo kiooni.

Gololi ikapita kati ya vibao viwili, ikatumbukia.

"Mundhir," nilisema, "ushashindwa."

"Ngoja kwanza, Dada," alisema. Hakuinua kichwa.