Hapa Watu Wanabishana Wamekaa

Juzi, ndani ya mtumbwi wa kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto, binti mwanafunzi alitangaza kwamba hasomi tena riwaya za yule mwandishi mashuhuri anayekataa kuwa aliyezaliwa mwanaume anaweza kuwa mwanamke. Mama muuza samaki akainuka: “Lakini anasema kweli!” Binti naye akasimama. Mtumbwi ukayumba, maji yakaingia, sote tukapiga kelele!

“Mukae!” akafoka mpiga kasia. “Hapa watu wanabishana wamekaa.”

Wakakaa, magoti yakigusana.

“Bon, haya, inakuuma nini?” mama akauliza.

“Rafiki yangu iko vile, mama: alizaliwa mwanaume, sasa iko mwanamke.”

Mama akamtazama. “Mimi bado nakataa. Lakini huyo rafiki yako, iko na mama?”

Tulifika, tukashuka. Wao walibaki wamekaa, wakiongea. Natamani simu yangu nayo iingize maji kila ninapomfokea mtu mtandaoni, ili nami nikae.